Boksi Aliloondoka Nalo Mgeni Rasmi

Mmeniomba niwaachie maandishi. Nilipokuwa ofisini hakuna aliyeniomba hata kalamu, lakini tangu nirudishe funguo simu yangu haipoi: Mzee Hamisi, hii taa nyekundu ina maana gani, Mzee Hamisi, ile mashine ya kule korido inawashwaje. Basi nimekaa sebuleni kwangu hapa Mbinga mjini, nimevaa sweta juu ya sweta kama inavyotakiwa mwezi wa saba, naandika. Vyeo sitavieleza kwa sababu vilikuwa vichache, na mshahara sitausema kwa sababu hiyohiyo. Ofisi nayo sitaitaja jina. Tuseme ilitunza kumbukumbu za mashamba ya watu, na ilizitunza vizuri sana kila ilipokumbuka.

Nilikuja huku kutoka Kondoa. Niliposoma barua ya uhamisho nilitafuta Mbinga kwenye ramani, nikaliona Ziwa Nyasa pembeni yake, nikafungasha mashati ya mikono mifupi na ndala. Hakuna aliyenionya kwamba ziwa liko chini na Mbinga iko juu milimani. Nilishuka kwenye basi alfajiri nikitetemeka, na wenyeji waliokuwa wamejifunga mablanketi walinitazama kwa huruma iliyochanganyika na kicheko. Hiyo ndiyo ilikuwa semina yangu ya kwanza kuhusu umuhimu wa kusoma maelekezo yote kabla ya kuanza kazi.

Siku ya kwanza nilionyeshwa chumba cha kompyuta. Mlangoni palikuwa na safu ya viatu kama msikitini, nikajisikia niko nyumbani. Kumbe ilikuwa amri: mtu asiingie na viatu, kompyuta isije ikapata mafua. Kompyuta yenyewe ilikuwa moja, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na ufunguo wa chumba ulikaa kwa bosi, ambaye hakujua kuiwasha lakini alijua kuikagua. Mtu pekee aliyeruhusiwa kuigusa alikuwa Mzee Ndimbo, mzaliwa wa Litumbandyosi, mtu mfupi, mkimya, mwenye soksi zilizotoboka vidole vyote. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi.

Vifaa vya Mzee Ndimbo vilikuwa bisibisi moja, brashi ya kupakia rangi aliyoitumia kufagia vumbi ndani ya mashine, na kikapu. Kila Ijumaa alinakili kumbukumbu zote kwenye kanda, akaitia kanda kwenye kikapu, akaweka ndizi juu yake, akaenda nayo nyumbani. Wenzetu walimcheka kwamba anaiba upepo wa serikali. Nilipomuuliza kwa nini asiiache ofisini kwenye kabati la chuma, aliniangalia kama nimeuliza kwa nini watu wanakula. "Ofisi ikiungua, kabati litakimbia?" Akaongeza kwamba mashine ile itakufa, na itachagua siku tunayoihitaji. Alipostaafu alinirithisha kikapu, nami nikakitumia hivyohivyo kila Ijumaa mpaka mwisho. Ndizi nilibadilisha nikaweka parachichi, maana kila kizazi kina mageuzi yake.

Baadaye ukaja Mradi. Mradi ulikuja na magari meupe, kofia na fulana, na neno moja: kuachana na makaratasi. Wapimaji walizunguka vijijini, wakapima mashamba, wakawasimamisha wakulima mipakani na majirani zao, wakawapiga picha, wakachukua alama za vidole. Fomu zote ziliingizwa kwenye mashine mpya kubwa iliyoitwa seva. Kisha fomu zenyewe zikachomwa moto kwa utaratibu, chini ya kamati iliyolipwa posho ya kuutazama moto. Nilipendekeza tungoje kidogo tuone mashine inavyofanya kazi. Niliambiwa nina mawazo ya zamani, nikaletewa fulana.

Pamoja na seva ilikuja programu maalumu ya kutunza nakala, ile ambayo benki kubwa hutumia, tuliambiwa. Mzabuni wa Dar es Salaam alimtuma kijana mmoja anayenukia marashi kuja kuisimika. Alikuwa mwepesi wa mikono, hilo simnyimi. Alizifunga kanda zote kwa ufunguo wa siri ili mwizi akizipata asiweze kuzisoma, jambo la busara, na akanieleza kwamba ufunguo wenyewe uko kwenye kadi, na hatua za kurudisha kumbukumbu ziko kwenye vitabu, na kadi na vitabu vyote vimo ndani ya boksi. Akapanda gari la asubuhi. Mimi nikaenda kwa bosi kuomba boksi nilisome.

Bosi wetu wa wakati huo alikuwa mtu wa sherehe. Aliniambia niwe na subira, kwa sababu uzinduzi unakuja na mgeni rasmi lazima akabidhiwe mfumo. Sasa mfumo mtu anakabidhiwaje? Seva haibebeki, na programu haionekani. Kitu pekee kinachoshikika mkononi mbele ya kamera kilikuwa boksi. Nikasema basi nilifungue, nitoe vitabu, tulifunge tena. Bosi akashtuka kweli. Boksi lililofunguliwa halikabidhiki, alisema, litaonekana limetumika. Akaagiza lifungwe utepe mwekundu.

Siku ya uzinduzi palikuwa na maturubai, ngoma ya mganda, pilau, na hotuba ndefu kuliko njia ya kwenda Songea. Mimi sikuona chochote. Nilikuwa nimefungiwa chumba cha seva, bila viatu, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha taa zote zinawaka kijani mgeni atakapochungulia. Alichungulia, zikawaka kijani, akapiga makofi. Keshokutwa yake nilienda stoo kuulizia boksi. Mtunza stoo alifungua leja, akanionyesha mstari: boksi moja, limepokelewa. Nikamwuliza liko wapi. Akasema limepokelewa. Nikamwuliza tena, polepole, akanionyesha mstari tena, polepole.

Mtauliza tuliishije miaka yote hiyo bila vitabu. Tuliishi vizuri sana. Kuweka nakala hakuhitaji elimu, unabonyeza kitufe na taa inawaka. Ni kuirudisha ndiko kunakohitaji vitabu, na nani anataka kurudisha kitu ambacho hakijapotea? Nilikumbusha kila tulipopata bosi mpya. Kila bosi mpya aliagiza stoo itoe taarifa, na stoo ikatoa taarifa kwamba boksi limo kwenye leja.

Kisha masika moja ikapiga radi. Ninyi mliozaliwa Umatengoni mnaijua radi ya huku, haina haya. Ilipita kwenye kile kifaa cha kuzuia radi, ikakipuuza, ikaingia kwenye seva. Asubuhi chumba kilinuka kama nywele zilizoungua. Watumishi walivua viatu mlangoni kama kawaida, wakaingia kuitazama maiti. Mimi sikuogopa sana wakati huo, kwa sababu kanda zilikuwa nyumbani kwangu kabatini, ndani ya kikapu. Tukaazima seva kutoka ofisi jirani, nikaweka programu, nikaingiza kanda. Kioo kikaniomba ufunguo. Nikajaribu kila neno la siri ninalolijua, pamoja na jina la bosi na la Mradi. Baada ya kukosea mara kadhaa, programu ilinishauri kwa adabu nisome vitabu vilivyomo ndani ya boksi.

Wiki hiyohiyo ndipo alipokuja Mama Kapinga. Alikuwa mjane wa Mkumbi, mwenye watoto watatu, mwanamke mrefu mwenye mikono ya mtu aliyechimba ngoro maisha yake yote, yale mashimo ya mlimani tunayolimia mahindi na maharage udongo usiteremke. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Sasa shemeji yake alidai kwamba upande wote wa mlima, kahawa na ngoro pamoja, ulikuwa wake, na kwamba marehemu alikuwa amepewa tu alime. Kesi ilikuwa baraza la ardhi. Mama Kapinga hakuwa na wasiwasi, maana siku ya kupima shemeji mwenyewe alisimama mpakani, akakubali, akaweka dole gumba, akapigwa picha. Hati yake ilikuwa haijachapishwa kwa sababu wino wa printa ulikuwa umeisha, lakini kila kitu kilikuwa kwenye mashine. Alikuja kuomba nakala tu, awapelekee baraza Jumatano ya wiki iliyofuata.

Nilimweleza. Nilitumia maneno mengi, nadhani nilitaja hata voltiji. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo baba, ile picha ya shemeji haipo?" Nikamwambia ipo, ila imefungwa, na ufunguo haujulikani ulipo. "Na zile fomu tulizoweka dole?" Nikamwambia zilichomwa. Alitoka nje, akakaa kwenye benchi la korido, na kesho yake akarudi akakaa palepale, na keshokutwa pia. Hakumgombeza mtu. Kila nilipopita aliniamkia, "Shikamoo baba," na mimi nikaitikia marahaba nikitamani angenitukana.

Nikaanza kutafuta. Mzabuni wa Dar simu yake iliita kwa mtu anayeuza vigae. Nikaiandikia kampuni ya nje iliyotengeneza programu, nikagundua ilikuwa imenunuliwa na kampuni nyingine, nayo ikanunuliwa na nyingine tena, na kila iliponunuliwa walifuta kurasa za maelekezo ya zamani wakaweka picha za watu wanaocheka mbele ya kompyuta. Mwishoni nilijibiwa. Waliniambia mimi ni mteja wa thamani kubwa, na ili wanitumie vitabu niwape namba ya leseni. Namba ya leseni iko wapi? Imeandikwa kwenye kadi, ndani ya boksi. Niliwaeleza hivyo. Wakanijibu kwamba mimi ni mteja wa thamani kubwa.

Stoo nilipekua mwenyewe. Nilikuta fulana za Mradi, mashine za chapa, pembe ya ng'ombe, na picha za viongozi waliokwisha kubadilishwa. Bosi wa sasa hivi, mtu mpole asiyependa matatizo, aliniambia niandike kwamba tatizo linashughulikiwa. Nikasema Jumatano baraza linakaa na mjane atanyang'anywa shamba. Akasema basi niandike kwamba linashughulikiwa kwa haraka.

Nilikuwa natoka kwa bosi nikiongea peke yangu, si mazungumzo ya kuandikwa, Mama Kapinga aliposimama kwenye benchi. "Samahani baba," akasema, "boksi lenyewe mnalolitafuta si lile pale?"

Alikuwa akionyesha ukutani, mbele ya benchi lake. Pale palitundikwa picha ya uzinduzi, kwenye fremu ya dhahabu ya bandia. Nimepita mbele ya picha ile miaka yote hiyo nikienda chooni na nikirudi. Mgeni rasmi anatabasamu, bosi wa zamani anatabasamu, na katikati yao, limefungwa utepe mwekundu, boksi. Nyuma yao gari la mgeni, buti liko wazi. Pembeni ya buti amesimama dereva, amenyoosha mikono yote miwili kulipokea.

Kukabidhiwa, ndugu zangu, maana yake alikabidhiwa. Sisi tulidhani ni maigizo, yeye akadhani ni zawadi. Unamlaumu vipi mtu aliyepewa boksi lenye utepe mbele ya watu mia na ngoma inapigwa? Aliondoka nalo kama alivyoondoka na gunia la kahawa na jogoo.

Mgeni rasmi alikwisha hamishiwa mbali na wala hakukumbuka kwamba aliwahi kufika Mbinga. Nikamtafuta dereva. Dereva hasahau mzigo. Mzee Haule alikuwa amestaafu, yuko Songea, na kwenye simu alikumbuka safari nzima kana kwamba bado ameshika usukani. Kutoka kwetu waliteremka ziwani, na kesho yake, Jumapili, mkubwa wake alialikwa harambee ya kuezeka kanisa dogo la kijiji kimoja kabla ya kufika Liuli. Walipokaribia, mkubwa akakumbuka kwamba hajabeba kitu cha kutia kwenye mnada. Wakafungua buti. "Kahawa Mzee anaipenda," Haule alinieleza, "na kuhusu jogoo, alishampigia mkewe simu kwamba anakuja naye. Likabaki boksi." Boksi likanadiwa, kati ya mkungu wa ndizi na trei ya mayai, kama zawadi kutoka kwa mgeni rasmi mwenyewe, na mama mmoja mfanyabiashara wa usipa, wale dagaa wa ziwani, akalinunua.

Niliomba ruhusa ya safari nikanyimwa, kwa sababu kitu kilichomo kwenye leja hakitafutwi. Basi Jumamosi nikaondoka kwa nauli yangu. Mama Kapinga alinisindikiza stendi, akanipa viazi vitamu vilivyochemshwa, vimefungwa kwenye jani. Nilivila njiani huku nikivua sweta moja baada ya nyingine. Mbamba Bay nilifika na shati moja, nikapanda pikipiki kufuata ufuo.

Kumpata mnunuzi huyo, Mama Salome, hakukuwa na shida, kila mtu ziwani anamjua muuza usipa mwenye sauti ile. Alikuwa mtu mzima kuliko mimi. Nikamwamkia, akaitikia, akanikaribisha ndani. Na pale, juu ya kabati la vyombo, lilikuwa boksi. Utepe ulikuwa umepauka. Juu yake palitandikwa kitambaa cheupe cha kufuma, na juu ya kitambaa palikaa redio. Miaka yote hiyo hakulifungua. Nilipouliza kwa nini, alishangaa: zawadi ya mkubwa, aliyoinunua kwa ajili ya nyumba ya Mungu, aifungue atafute nini? Lilikuwa zuri hivyohivyo.

Nikamweleza shida yangu, nikadhani tumemaliza. Mama Salome akatikisa kichwa. "Mwanangu, nililinunua mbele ya watu. Likitoka usiku kwa mtu wa serikali, kesho watasema Salome kaliuza, au ndani mlikuwa na kitu. Litoke mbele ya watu." Kwa bahati, alisema, kesho ni Jumapili, na bati za sakristia bado hazijatimia.

Ndivyo mimi Hamisi, mtoto wa Kondoa niliyelelewa madrasa, nilivyojikuta nje ya kanisa Jumapili, nimesimama kwenye mnada kununua kitabu cha ofisi yangu mwenyewe. Mzee wa kanisa ndiye aliyenadi, na alikuwa na kipaji. Alilinyanyua boksi juu, akatangaza kwamba lilitoka kwa mgeni rasmi, na kwamba leo afisa ametoka Mbinga mpaka hapa kulifuata. Hapo ndipo aliponimaliza. Nilianza na bei ya kuku. Bwana mmoja mwenye mitumbwi ya injini, Bwana Mapunda, akanitazama kutoka viatu hadi kichwa, akajibu kwa bei ya mbuzi. Watu wakanong'ona. Kama serikali imesafiri siku nzima kwa ajili ya boksi, basi ndani mna kitu. Kila nilipopanda, Mapunda alipanda, na wengine wawili wakaingia kwa kuogopa kupitwa. Nilijaribu kujifanya silitaki sana. Bei ikapanda zaidi, kwa sababu sasa nilionekana mjanja.

Nilipofika mwisho wa fedha yangu, na nauli ya kurudi ikiwa imo ndani yake, Mapunda alitaja bei ya ndama. Mzee wa kanisa akaanza kuhesabu. Moja. Mimi sikujua la kufanya, nikanyoosha mkono, nikaomba kusema. Niliwaambia kwamba ndani ya boksi hakuna kitu cha kuuza. Kuna vitabu vya Kiingereza na kadi moja. Bila kadi hiyo mashine yetu haifunguki, na ndani ya mashine imo picha ya mpaka wa shamba, na bila picha hiyo mama mmoja wa Mkumbi, mjane, atatolewa kwenye shamba la marehemu mumewe Jumatano hii. Nikakaa chini, ingawa hapakuwa na kiti.

Bwana Mapunda akauliza, "Huyo mama ana watoto?"

"Watatu."

"Na anayemtoa ni nani?"

"Shemeji yake."

Kwenye umati wanawake waliguna wote kwa pamoja. Mapunda akamwambia mzee wa kanisa aendelee kuhesabu. Mbili. Tatu. Moyo wangu ulikufa. Akalipa bei yake yote ya ndama, akalichukua boksi, akaja nalo mpaka nilipokuwa, akaniwekea mikononi. "Mwambie limetoka ziwani," akasema.

Wakadai lifunguliwe, kwa hiyo nikalifungua palepale. Walisogea, wakachungulia vitabu visivyo na hata picha moja, na wote wakamtazama Bwana Mapunda kwa masikitiko. Mama Salome alikunja kile kitambaa chake cheupe akakitia ndani ya boksi. Alisema huyo mama akitumie kufunikia vitu vyake, vumbi la milimani ni jekundu.

Jumatatu asubuhi nilikuwa mbele ya mashine. Ukurasa wa kwanza wa kitabu cha kwanza ulisema: hifadhi kitabu hiki mahali salama, na usiache nakala pekee mahali pamoja na mashine. Mzee Ndimbo alikuwa ameyasema hayohayo kwa kikapu na ndizi, bila leseni. Niliingiza ufunguo, nikafuata hatua, na mashamba yakaanza kurudi, kijiji baada ya kijiji. Mkumbi ilirudi baada ya chai. Nikaita korido, Mama Kapinga akaingia, akavua viatu kama alivyoona wengine wanafanya, nikamwonyesha kioo. Mumewe alikuwa amesimama mpakani kando ya ndugu yake, amekunja suruali, anacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba na yeye angekuwemo. Mama Kapinga aligusa kioo kwa kidole, kitu ambacho siku zote nimekikataza, na akalia. Na mimi nililia, wala sioni sababu ya kuwaficha.

Wino wa printa ulikuwa umeisha, bila shaka. Tulichapisha kwenye duka la stendi. Jumatano baraza likaletewa picha, shemeji akaitazama kwa muda mrefu, akasema yule si yeye. Mwenyekiti akamwomba basi avue kofia, maana ilikuwa ileile ya kwenye picha. Shamba likabaki kwa mwenyewe.

Mnadhani hapo ndipo palipoishia. Bosi alifurahi mno kusikia kwamba tatizo limeshughulikiwa, akaamua tuwe na hafla ndogo ya kurejea kwa mfumo. Maturubai yakaja, mganda ukaja, mgeni rasmi mpya akaalikwa. Na bosi akaniita akaniambia, kwa upole wake wote, kwamba nitafute utepe, kwa sababu mgeni lazima akabidhiwe kitu.

Nilitafuta utepe. Boksi nililifunga vizuri, jekundu, linapendeza, lina uzito wa heshima. Ndani niliweka fulana za Mradi na vipande viwili vya vigae. Mgeni akalipokea, akatabasamu, buti likafunguka, gari likaenda zake. Mpaka leo hakuna aliyelalamika, na picha mpya imetundikwa mbele ya benchi, na stoo wameandika kwenye leja kwamba boksi limepokelewa.

Kwa hiyo, vijana wangu, radi itakapopiga tena, na itapiga, kanda mtazikuta kwenye kikapu nilichomkabidhi mkuu wenu wa kitengo, kama bado anakibeba Ijumaa. Vitabu na kadi msivitafute ofisini. Pandeni gari la Mkumbi, ulizeni kwa Mama Kapinga, kila mtu atawaonyesha, ni ule upande wa mlima wenye kahawa iliyopogolewa vizuri. Vipo kwake, ndani ya sanduku la nguo, chini ya kitambaa cheupe kilichotoka ziwani. Nilipompelekea nilimwambia asimpe mtu yeyote aliyekuja na utepe, naye akaniambia nisimfundishe.

Mwamkieni kwanza. Atawauliza mmetumwa na nani, na msithubutu kumtaja bosi, hatafungua hata dirisha. Mwambieni ni shamba la nani limepotea, kwa jina la mwenye shamba. Kama jina hilo hamlijui, rudini ofisini, mkamuulize mtu aliyekaa kwenye benchi.